Kihesabu hatua chenye kitufe cha sifuri: miezi saba kiunoni mwangu nikimuuguza mama

Ninachokieleza hapa ni kihesabu hatua cha kubana kiunoni, kile kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Hakina intaneti, hakiunganishwi na simu, hakipimi mapigo ya moyo wala usingizi. Kina skrini ya kijivu yenye tarakimu tano, kibanio kigumu cha plastiki kwa nyuma, na vitufe viwili. Kimoja hubadilisha skrini kutoka hatua kwenda saa. Cha pili, ukikishikilia kwa sekunde tatu, hurudisha hesabu kwenye sifuri. Ni kwa ajili ya kitufe hicho cha pili naandika haya yote.

Namuuguza mama yangu nyumbani, na huu ni mwaka wa tatu. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, kikamnyang'anya na maneno mengi. Nina kaka mmoja anayekuja jioni kunipokea. Mchana kutwa ni mimi: kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, kumwogesha, kumnyoosha mkono na vidole, kumkalisha, kumsimamisha, kumtembeza na mkongojo siku ambazo mwili wake unakubali. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya wenzangu mnaouguza, awe ni mzazi, mume, mke au mtoto, na nyinyi mnaohudumia watu kutwa mkarudi nyumbani mmebaki maganda. Vifaa hivi kwa kawaida huhakikiwa na watu wanaojiandaa na mbio. Sisi tuna haja zetu.

Niseme kwanza kilichonifanya ninunue. Usiku mmoja mama alimwaga maji kitandani kwa mara ya tatu. Nikapaza sauti. Sikutukana, lakini nilimpazia mama yangu sauti kama anavyofokewa mtoto mtundu. Hakujibu, maana wakati huo maneno yalikuwa hayatoki. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akashika pembe ya shuka, akaanza kuyafuta yale maji polepole huku ananitazama usoni. Nilibadilisha shuka, nikamwomba radhi, nikaenda kukaa sakafuni jikoni mpaka kukapambazuka.

Wiki ileile mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja kumwona mama, alinitazama mimi kwanza. "Dada, wewe mwenyewe unatoka lini?" Nikamwambia natembea kutwa, miguu inawaka moto kila usiku. Akasema huko ni kufanya kazi, na mwili unajua tofauti. Ushauri wa kujitunza nilikuwa nimeshapewa na watu wengi, na kila mara uliniacha na hasira, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayekwambia pumzika hajiulizi mgonjwa atabaki na nani. Huyu hakuniambia nipumzike. Aliniambia nipime. "Hesabu hatua zako siku saba, uandike za ndani na za nje mbalimbali, halafu tuzungumze."

Nilianza na saa ya mkononi, zile za kisasa zenye kila kitu. Niliazimwa na rafiki, nikakaa nayo wiki tatu, nikairudisha. Sisemi ni mbovu. Kwa mtu anayetembea mikono ikiwa huru itamfaa sana. Lakini saa ya aina hii husikia hatua kwa mtikisiko wa mkono, na mkono wa anayeuguza hautikisiki inavyotarajia. Ukisukuma kiti cha magurudumu, mikono yako imetulia kwenye vishikio huku miguu inakwenda. Nilijaribu kwa kuhesabu kwa mdomo: nilimsukuma mama hatua 100 kamili, saa ikaandika 23. Kisha niliketi kitandani nikampapasa mgongo ili apate usingizi, saa ikaniongezea hatua zaidi ya 60. Tena kila saa moja ilinitetemesha mkono kunikumbusha nisimame. Mara nyingi ilikuwa inanikuta nimekaa nimemshikia mama kikombe, anameza kwa shida, na mimi nahesabu mimezo. Kifaa kinachokuhimiza uinuke wakati kama huo hakikutengenezwa kwa kukufikiria wewe.

Kihesabu cha kiunoni husikia mtikisiko wa nyonga, kwa hiyo mikono haina neno. Jaribio lilelile la hatua 100 nikisukuma kiti lilinipa 96. Nikitembea peke yangu kwa mwendo wangu, 99 au 100. Nawasihi sana mfanye jaribio hili siku ya kwanza, iwe kifaa ni cha aina gani: tembea hatua 100 ukihesabu kwa mdomo, halafu usome skrini. Kikipotea kwa zaidi ya hatua tano, kisogeze kwanza. Mahali pazuri ni mbele kidogo ya mfupa wa nyonga, kwenye ukanda wa suruali au sketi, kikiwa kimesimama wima. Ukivaa gauni lisilo na ukanda, kibane kwenye nguo ya ndani; mimi hufanya hivyo na hakinisumbui. Kwenye mfuko uliolegea hukosea sana.

Jambo moja lilinishangaza wiki ya kwanza. Nilitegemea hesabu ya ndani ya nyumba iwe kubwa mno, kwa jinsi ninavyochoka, lakini jioni nilikuta 2,300. Nikadhani kimeharibika. Baadaye nikasoma karatasi iliyokuja nacho: kifaa hiki hakiandiki hatua mpaka utembee sekunde kadhaa mfululizo, ili kisije kikahesabu kujigeuza na kuinama kama mwendo. Sasa fikirini maisha ya anayeuguza. Kitanda hadi beseni ni hatua sita. Beseni hadi kabati, nne. Kabati hadi kitandani, saba, unasimama, unainama, unanyanyua, unarudi. Siku nzima ni vipande vya hatua sita sita, na karibu vyote kifaa kinavitupa.

Niliumia kwanza, kama mtu aliyeambiwa kazi yake haipo. Halafu nikaona kwamba bila kukusudia kimenieleza ukweli kuhusu siku yangu. Nilikuwa nachoka bila kwenda popote. Mgongo unabeba, magoti yanakunjwa, lakini moyo na mapafu havipati ule mwendo wa mfululizo unaovifungua. Kuna siku nzima sikuwahi kutembea dakika tano bila kusimama. Mtaalamu alipokuja na kuona daftari langu hakushangaa. Alisema wauguzi wengi na watunzaji wa nyumbani wanaumwa migongo huku wamekosa pumzi, yote kwa pamoja.

Basi hapo ndipo kitufe cha sifuri kilipoanza kufanya kazi yake. Kaka akifika jioni, namkabidhi: mama amekunywa dawa gani, amegeuzwa saa ngapi, tumbo likoje. Navaa viatu. Nikifika mlangoni, kabla sijavuka kizingiti, nashikilia kile kitufe. Moja, mbili, tatu. Tarakimu zinapepesa halafu zinafutika zote, inabaki 0. Hatua za mchana zilikuwa za mama, nami nilizitoa kwa moyo. Zinazoanzia pale ni zangu. Sijui kama waliotengeneza kifaa waliwahi kufikiria mtu atakitumia hivi, lakini kwangu mimi kile kitendo cha sekunde tatu ndicho kinachonitoa chumbani. Kabla yake nilikuwa natoka mwili tu, kichwa kimebaki kwenye foronya.

Siku ya kwanza nilifika hatua 640 nikarudi mbio, kwa hofu kwamba kaka hatasikia mama akigonga ukingo wa kitanda. Alikuwa amekaa pembeni yake wanasikiliza redio. Siku ya pili 1,100. Wiki ya pili nikafika 2,000 na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba natazama miti. Sasa kiwango changu ni 4,000, siku nne kwa wiki, na siku mbili nyingine nafanya mazoezi ya kukaza misuli ya tumbo, mgongo na mapaja, yale aliyonifundisha mtaalamu ili nikimnyanyua mama nitumie miguu na siyo kiuno.

Mtauliza kwa nini 4,000 wakati kila mahali tunaambiwa 10,000. Hiyo namba ya elfu kumi ina historia yake. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ya Japani ilitoa kihesabu hatua ikakiita Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa, likageuka kuwa sheria ya dunia nzima. Utafiti uliokusanya takwimu za karibu watu 50,000 na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa watu wa miaka 60 na zaidi, hatari ya kufa mapema iliendelea kupungua hadi kufika hatua kati ya 6,000 na 8,000 kwa siku. Kwa walio chini ya umri huo, kati ya 8,000 na 10,000. Na nafuu ilianza kuonekana chini zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halitaji hatua kabisa. Linataja dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Mwendo wa kadiri ni kama hatua 100 kwa dakika, ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Hatua 4,000 kwa mwendo huo ni dakika 40. Mara nne kwa wiki ni dakika 160. Hivyo ndivyo nilivyoipata namba yangu, na naiheshimu kuliko ile ya Manpo-kei kwa sababu inatosha ndani ya zamu ya kaka.

Na hapa kuna faida ambayo sikuitegemea. Zamani nilikuwa namwambia kaka, "Natoka kidogo, narudi sasa hivi." Naye hakujua "kidogo" ni kiasi gani, mimi mwenyewe sikujua, na nikichelewa kila mtu alikuwa na lake moyoni. Sasa namwambia, "Kaka, elfu nne." Anajua ni dakika 40, labda 45 nikisimama kusalimia mtu. Amezoea kiasi kwamba siku nikirudi na 2,500 ananirudisha nje. Alisema kitu ambacho sijakisahau: kwamba miaka miwili alikuwa anataka kunisaidia lakini hakujua asaidie nini, maana kila akiuliza nilimjibu "usijali". Namba ilimpa mahali pa kushika. Kama wewe ni mtu wa "usijali", jaribu kuomba hatua elfu mbili.

Mabadiliko yenyewe yalichukua kama wiki sita kuonekana. Usingizi ndio wa kwanza: nikiamka usiku kumgeuza mama, narudi kulala badala ya kukodolea dari macho. Mgongo bado unauma, ila siyo kila asubuhi. Hasira imepungua. Sisemi imeisha. Mama ameshamwaga maji mara nyingine tangu ule usiku, na nimeweza kucheka naye. Najua siyo kifaa kilichofanya hayo. Ni kutembea, na kaka, na kulala. Kifaa kilishika hesabu, lakini bila hesabu nisingetoka.

Naomba niseme na hili, kwa sababu ni zito. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu aliouona kwa waliojitolea kwenye kliniki ya bure huko New York: watu wenye moyo wa kusaidia wakikauka taratibu mpaka wanawachukia watu wale wale wanaowahudumia. Nilipoisoma habari hiyo nililia, kwa sababu niliikumbuka ile pembe ya shuka. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliuweka uchovu huo kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kama hali itokanayo na kazi, wala siyo ugonjwa wenyewe. Lakini maelezo yake yanahusu kazi ya ajira. Sisi tunaouguza nyumbani hatuna mwajiri, hatuna likizo, hatuna fomu ya kujaza. Kwa hiyo ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, kila kitu kimepoteza ladha, au unawaza mambo ya kujidhuru, usingoje kufikisha hatua zozote. Nenda kwa daktari. Kihesabu hatua hakitibu huzuni ya namna hiyo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Sasa kasoro zake. Kibanio ni kigumu kweli kweli siku za mwanzo, lakini kikilegea kinalegea jumla. Changu kilidondoka chooni mwezi wa tano na nilibahatika kilianguka sakafuni. Tangu hapo nimekifunga kamba fupi kwenye tundu la ukanda. Hakivumilii maji, na ukizingatia sisi tunaogesha watu, hiyo ni kasoro ya kutajwa kwa sauti. Mfuniko wa betri unafungwa kwa skrubu ndogo inayohitaji bisibisi ya fundi saa. Betri yenyewe ni ile ya duara, CR2032, inayopatikana kirahisi. Ya kwanza imenidumu karibu miezi sita. Iwekeni mbali kabisa na watoto wadogo, maana betri hizi zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi sana. Ukipanda gari kwenye njia yenye mashimo kinaongeza hatua ambazo hukutembea. Na hakihifadhi kumbukumbu: ukishaminya sifuri, kilichokuwepo kimekwenda. Kwa wengine hiyo ni kasoro kubwa. Mimi naandika kwenye kalenda ya ukutani, karibu na ratiba ya dawa, na napenda kuiona namba yangu pale katikati ya mambo ya mama.

Kuna toleo la bei ya chini zaidi lisilo na kitufe cha sifuri. Hilo hujifuta lenyewe saa sita usiku. Msilinunue kwa matumizi yetu. Na kama una simu yenye programu ya kuhesabu hatua, inaweza kukufaa, isipokuwa mimi niliacha kwa sababu simu ikiwa mfukoni naitazama, na nikiitazama nakuta ujumbe wa kundi la ndugu unaouliza hali ya mgonjwa. Kaka anajua njia ninayopita. Likitokea jambo, atanifuata kwa miguu.

Nilijaribu pia kumvalisha mama. Kiunoni hakikuandika chochote; mwendo wake ni wa taratibu na mguu mmoja anauburuta. Nikakibana kwenye soksi ya mguu wa kushoto, kikaandika hatua chache, lakini kila akisimama kuvuta pumzi kinaanza tena kungojea zile sekunde zake, na hatua zake za jasho zinapotea. Niliona si haki. Kwa mama tunahesabu kwa mdomo, yeye na mimi, na namba inaandikwa kwenye kalenda ileile kwa kalamu nyekundu. Rekodi yake ni 38, kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi.

Ila kifaa anakipenda. Neno lililorudi mapema kuliko mengi lilikuwa "ngapi". Nikiingia tu, kabla sijavua viatu, nasikia chumbani, "Ngapi?" Namkabidhi mkononi, ule wa kushoto. Anakisogeza karibu na taa, anakitazama kwa muda mrefu. Mwanzoni alikuwa anaonyesha kwa kidole tu. Mtaalamu akashauri tumwache aisome mwenyewe hata ikichukua dakika kumi, tusimmalizie. Jana jioni aliisoma, kaka na mimi tumesimama mlangoni tumenyamaza: "Elfu. Nne. Na. Na." Akapumzika, akafumba macho, akafumbua. "Na kumi na mbili." Kisha akanirudishia na kunionyesha kalenda, niandike.